Maswali ya Wasomaji: China na Dunia, Tangu Mao Hadi Leo

Toleo lililopita tuliwaomba maswali kuhusu sera ya nje ya China tangu Chama cha Kikomunisti kishike dola tarehe 1 Oktoba 1949. Yaliyofanana tumeyaunganisha, na majina tumeyaacha kama wengi mlivyoomba.

Nafundisha Historia kidato cha tano, Tabora. Wanafunzi hunibana hapa: China na Umoja wa Kisovieti wote walikuwa wakomunisti. Iweje wakafikia kupigana risasi mwaka 1969?

Mwalimu, wajibu kwamba wenye dini moja ndio hugombea nani aswalishe. Nchi zisizo na imani moja hugombania mpaka na biashara. Hawa waligombania hivyo vyote, na juu yake nani awaongoze wakomunisti wa dunia nzima.

Juni 1949 Mao Zedong, kiongozi wa wakomunisti wa China, alitangaza kwamba China "itaegemea upande mmoja", yaani wa Moscow. Desemba akapanda treni kwenda kumwona Stalin, mkuu wa Wasovieti, na baada ya kusubirishwa wiki kadhaa, mkataba wa urafiki na ulinzi ukasainiwa tarehe 14 Februari 1950, pamoja na mkopo wa dola milioni 300 kwa riba ya asilimia 1. Oktoba mwaka huohuo majeshi ya China yakavuka mto Yalu kuingia vita vya Korea. Silaha nyingi walizopewa na Wasovieti kwa vita hivyo ziliandikwa kwenye daftari la deni, na Wachina hawakulisahau.

Februari 1956 Khrushchev, aliyeshika uongozi wa Moscow baada ya Stalin, akamshutumu mtangulizi wake bila kuwadokeza Beijing mapema. Mwaka 1958 Moscow ikapendekeza kituo cha pamoja cha redio ya mawimbi marefu na kikosi cha pamoja cha nyambizi. Mao akaona ni ukoloni ule ule umebadili kanzu. Juni 1959 msaada wa kutengeneza bomu la atomu ukasitishwa. Julai 1960 ikaja amri ya kuwaondoa wataalamu wa Kisovieti, wapatao 1,390. Wakaondoka ndani ya wiki chache, na michoro ya viwanda wakaondoka nayo.

Kama una kipindi kimoja tu, kitumie kwenye hiyo michoro. Kiwanda kimefika nusu, mashine nyingine ziko ndani ya makasha, na hakuna anayejua bomba lipi linaingia wapi. China iliachwa solemba. Miaka minne baadaye Waziri Mkuu wa China, Zhou Enlai, akiwa ziarani Afrika, alitangaza kanuni nane za misaada ya China, na mojawapo inasema fundi mwenyeji afundishwe mpaka aimudu kazi kikamilifu. Aliyeiandika alijua anachokisema.

Risasi zenyewe zililia Machi 1969 kwenye kisiwa cha Zhenbao, mto Ussuri, mpakani mwa nchi hizo mbili. Warusi hukiita Damansky. Septemba Zhou na Waziri Mkuu wa Kisovieti, Kosygin, wakakutana uwanja wa ndege wa Beijing kuupoza moto. Ubishi wa mpaka huo wa mashariki ulikuja kumalizwa kwa makubaliano ya mwaka 1991 na ya 2004.

Mimi ni wa Unguja. Wazee husema Salim Ahmed Salim alicheza ngoma Umoja wa Mataifa China ilipoingia, na Marekani ikamwekea kinyongo. Kuna ukweli? Na kwa nini China ilikaa nje miaka 22?

Ukweli upo, ila tuanze na swali la pili, maana ndilo linaloeleza shangwe ile ilitoka wapi.

China haikuwahi kuwa nje. Ni mwanachama mwanzilishi tangu 1945 na ina kiti cha kudumu Baraza la Usalama. Swali lilikuwa nani akae kwenye kiti hicho: serikali ya Chiang Kai-shek iliyokimbilia Taiwan, au ya Mao iliyoshika bara. Tofauti hiyo inaonekana ya kisheria tu, lakini ndiyo iliyoamua kila kitu. Mwanachama mpya lazima apite Baraza la Usalama, na huko Marekani ingepiga kura ya turufu (veto), kazi ikaishia hapo. Suala la nani ni mwakilishi halali huamuliwa na Baraza Kuu, ambako kila nchi ina kura moja na turufu haipo.

Kwa hiyo Marekani ikatafuta kizuizi kingine. Kuanzia 1961 ilipata azimio kwamba kubadili uwakilishi wa China ni "suala muhimu", linalohitaji theluthi mbili ya kura. Kizuizi hicho kilifanya kazi miaka kumi. Katika miaka hiyo kumi, nchi za Afrika zilizopata uhuru zilikuwa zikiingia ukumbini mwaka hadi mwaka.

Usiku wa 25 Oktoba 1971 kura zilipigwa kwa hatua. Kwanza kile kizuizi: 55 zilikitaka, 59 zikakikataa, 15 hazikuegemea popote. Hapo ndipo mchezo ulipokwisha, na ndipo shangwe zilipolipuka. Kisha likaja azimio lenyewe, namba 2758, lililoletwa na Albania, Algeria na wenzao, Tanzania ikiwemo: 76 ndiyo, 35 hapana, 17 kimya. Chukua kalamu: theluthi mbili ya kura 111 ni 74. Hata kile kizuizi kingebaki, lingepita.

Katika kura 76 za ndiyo, 26 zilikuwa za Afrika. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zote zilisema ndiyo; Kongo ya Mobutu ilisema hapana. Wasovieti nao walipiga ndiyo, miaka miwili tu baada ya damu ya Ussuri.

Wajumbe wa Tanzania walikuwa miongoni mwa walioshangilia na kucheza kwenye njia za ukumbini, na Salim, aliyekuwa balozi wa Tanzania pale, ndiye aliyekumbukwa kwa hilo. Mwaka 1981, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, aligombea Ukatibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Marekani ikampigia turufu raundi baada ya raundi. China nayo ikampigia turufu Kurt Waldheim aliyetaka muhula wa tatu, mara 16. Wote wawili walipokaa pembeni, kiti kikamwendea Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Kudai kwamba ngoma peke yake ndiyo iliyomponza ni kurahisisha mno: Washington haikuzipenda siasa za Dar es Salaam kwa ujumla. Ila ngoma haikusaidia.

Angalieni pia lile azimio lilivyoandikwa. Linairudishia Jamhuri ya Watu wa China haki zake zote na kuwafukuza "wawakilishi wa Chiang Kai-shek". Neno Taiwan halimo hata mara moja. Beijing husema halikuwa na haja ya kuwemo, maana Taiwan ni sehemu ya China. Washington husema kwa kuwa halimo, azimio halikuamua kisiwa ni cha nani. Ubishi huo bado unaendelea.

Nasomea diplomasia Nairobi. Kila tamko la pamoja na China lina maneno "China moja". Nawezaje kujua nchi imekubali nini hasa?

Soma kitenzi kwanza. Katika Tamko la Shanghai la 28 Februari 1972, mwishoni mwa ziara ya Rais Nixon, Marekani ilitumia kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya "tumesikia mnachosema, na tunajua ndivyo mnavyosema": kwamba Wachina wa pande zote mbili za mlango-bahari wa Taiwan wanashikilia kuwa China ni moja. Ikaongeza kuwa haipingi msimamo huo. Haikusema inaukubali. Maandishi ya Kichina yalitumia *renshidao*, yaani kufahamu, ambalo linakaribiana.

Uhusiano kamili wa kibalozi ulipoanza tarehe 1 Januari 1979, Kiingereza kikabaki na kitenzi kilekile, lakini Kichina kikageuka kuwa *chengren*, kukiri au kukubali. Wamarekani wakasema wao wanafungwa na maandishi ya Kiingereza. Mkataba mmoja, maana mbili, na kila upande ulijua.

Hapa Kiswahili chetu kinatuponza. Tuna "kutambua", nacho hubeba yote: kumjua mtu kwa sura, kufahamu jambo, na kuipa serikali uhalali. Ukisoma kwenye gazeti kwamba nchi fulani "inatambua msimamo wa China", hujajua kitu. Tafuta maandishi ya lugha zote mbili zilizosainiwa. Kanada mwaka 1970 iliandika kwamba "imezingatia" msimamo wa China. Japani mwaka 1972 kwamba "inauelewa na kuuheshimu".

Ukishakipata kitenzi, angalia mambo matatu. Je, nchi yenyewe inasema Taiwan ni sehemu ya China, au inasimulia tu China inavyosema? Je, "inapinga" uhuru wa Taiwan au "haiungi mkono"? Mambo hayo mawili yako mbalimbali: anayepinga ana la kufanya, asiyeunga mkono anaweza kukaa kimya. La mwisho ndilo la kuangalia zaidi miaka hii: pale panapoandikwa kuunga mkono muungano wa China na Taiwan, je, neno "kwa amani" limo, au imeandikwa "juhudi zote"? Anayesaini "juhudi zote" hajatoa nje juhudi za kijeshi.

Na usidhani ni maneno matupu. Januari 1997 China ilipiga turufu kuzuia waangalizi wa amani kwenda Guatemala, kwa sababu Guatemala ilikuwa na ubalozi wa Taiwan na iliwaalika Wataiwani kwenye sherehe za kusaini amani. Siku kumi baadaye, baada ya kuelewana, ikaruhusu. Februari 1999 ikapiga nyingine kukataa kuongeza muda wa walinda amani Makedonia, mwezi mmoja baada ya nchi hiyo kuitambua Taiwan. Kikosi kikafunga virago, na mwezi uliofuata vita vya Kosovo vikamwaga wakimbizi mpakani. Makedonia ilirudi kwa Beijing mwaka 2001. Kwa Afrika leo, Eswatini pekee ndiyo iliyobaki na Taiwan.

Lubumbashi. Wazee wetu wanasema Wachina waliwasaidia Wasimba na Mulele dhidi ya serikali ya Kinshasa, kisha wakawa marafiki wa Mobutu. Walikuwa upande gani?

Ndugu, upande ambao Moscow haupo. Jibu hilo lina makali lakini kwa miaka ya 1970 linatosha.

Katikati ya miaka ya 1960 China ilikuwa ikiunga mkono wapiganaji. Pierre Mulele alikwenda huko kwa mafunzo kabla ya kuanzisha uasi wa Kwilu, magharibi mwa Kongo, na Burundi ilikuwa njia muhimu ya kuwafikia waasi wa mashariki, ndio Wasimba. Januari 1965, baada ya Waziri Mkuu Pierre Ngendandumwe kuuawa Bujumbura, Burundi ikavunja uhusiano na Beijing mpaka 1971.

Baada ya Ussuri hesabu zikabadilika: adui namba moja sasa alikuwa Msovieti. Zaire, jina la Kongo wakati huo, ikafungua uhusiano na Beijing Novemba 1972, na Januari 1973 Mobutu akapokewa huko kwa heshima zote. Mwaka uliofuata wakufunzi wa Kichina walikuwa kambi ya Kinkuzu, ndani ya Zaire, wakiwafundisha wapiganaji wa FNLA, chama cha ukombozi wa Angola cha Holden Roberto, kwa kuwa mpinzani wake, MPLA, alikuwa wa Wasovieti.

Hapo walijikwaa vibaya. Mwaka 1975 Afrika Kusini ya makaburu ikaingia Angola upande uleule wa FNLA na chama kingine kilichoipinga MPLA, UNITA. China, iliyojiita rafiki wa ukombozi, ikajikuta safu moja na Pretoria, huku rafiki yake Tanzania akiwa na MPLA. Ikawaondoa wakufunzi mwishoni mwa Oktoba, siku chache kabla ya uhuru wa Angola wa 11 Novemba. Luanda haikusahau upesi: ubalozi ulifunguliwa baada ya makubaliano ya Januari 1983. Kufikia 2004, hata hivyo, Benki ya Exim, benki ya serikali ya China ya mikopo ya biashara ya nje, ilikuwa ikiikopesha serikali ileile ya MPLA dola bilioni 2 kwa dhamana ya mafuta.

Maskati. Ni kweli China iliwahi kuwapa silaha waasi wa Dhofar, kusini mwa Oman?

Ni kweli. Silaha, mafunzo na vitabu vyekundu vya Mao vilipitia Yemen ya Kusini kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Agosti 1971 China ilianzisha uhusiano na Iran ya Shah, na msaada kwa Dhofar ukapungua hadi kukatika. Shah baadaye alipeleka majeshi kumsaidia Sultan Qaboos wa Oman dhidi ya waasi hao. Oman na China zilifungua uhusiano Mei 1978.

Mbeya. Reli ya TAZARA ilikuwa mkopo bila riba. SGR, reli mpya ya Kenya, ni mkopo pia, lakini kelele ni nyingi. Kipi kilibadilika?

Mkopeshaji ndiye aliyebadilika. TAZARA ilikopeshwa na serikali. SGR ilikopeshwa na benki.

Makubaliano ya TAZARA yalisainiwa Beijing tarehe 5 Septemba 1967. Mkopo ulikuwa yuani milioni 988, hauna riba, wa kulipwa kwa miaka 30. Kazi kubwa ilianza Oktoba 1970, na Julai 1976 kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, zikakabidhiwa. Gharama za ndani, kama mishahara ya vibarua, zililipwa kwa njia ambayo wengi wameisahau: China ilileta bidhaa, maduka ya serikali yakaziuza, na shilingi na kwacha zilizopatikana zikalipa wafanyakazi. Ndiyo maana madukani kulijaa mashati, baiskeli na taa za Kichina. Mahali bidhaa zilipododa, fedha za reli nazo zilichelewa. Vichwa vya treni vya Kichina vilivyokuja na mradi vilikosa nguvu ya kutosha kwenye mlima kati ya Mlimba na Makambako, ikabidi baadaye vinunuliwe vingine kwingineko.

Ukarimu huo uliilemea China yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 misaada ya nje ilipita asilimia 5 ya matumizi ya serikali, na nchi ilikuwa bado maskini. Deng Xiaoping aliposhika usukani, hesabu zikapigwa upya. Januari 1983 Waziri Mkuu Zhao Ziyang alitangaza kanuni nne mpya, na alizitangazia Dar es Salaam: usawa na manufaa ya pande zote, matokeo yanayoonekana, njia mbalimbali za kushirikiana, maendeleo ya pamoja. Soma "manufaa ya pande zote" polepole. Mwaka 1994 Benki ya Exim ikaanzishwa, na tangu hapo miradi mikubwa ikahamia huko.

Mikataba ya SGR kati ya Mombasa na Nairobi ni ya Mei 2014: mikopo miwili ya Exim, kila mmoja wa takriban dola bilioni 1.6. Mmoja ulisainiwa kwa masharti nafuu, riba asilimia 2. Wa pili ulikuwa wa kibiashara, riba ya soko la London kujumlisha asilimia 3.6, maana yake riba ya dunia ilipopanda, malipo ya deni hilo nayo yalipanda. Mkataba unafuata sheria za China na usuluhishi hufanyika Beijing.

Mkisikia China "imefuta madeni" ya Afrika, ulizeni madeni gani. Agosti 2022 ilitangaza kufuta mikopo 23 ya nchi 17 za Afrika. Yote ilikuwa ile isiyo na riba, ya ukoo wa TAZARA, iliyokwisha kuiva. Ya Exim haimo.

Kampala. Waziri wa Mambo ya Nje wa China akisema jambo, limeamuliwa na yeye?

Hapana. Uamuzi uko kwenye Kamati ya Kudumu ya Politburo, kikao cha juu kabisa cha Chama, na Tume Kuu ya Mambo ya Nje ya Chama, iliyopewa hadhi hiyo mwaka 2018 na kuongozwa na Xi Jinping. Ofisi ya tume hiyo ina mkurugenzi, na huyo humzidi waziri cheo. Miaka mingi Yang Jiechi, aliyeshika ofisi hiyo, alikuwa juu ya Waziri Wang Yi kwa njia hiyo, ingawa wageni walidhani kinyume. Julai 2023 Waziri Qin Gang aliondolewa baada ya miezi saba tu. Wang Yi, aliyekuwa tayari mkurugenzi wa ofisi ya tume, akaongezewa uwaziri, na sera haikuyumba hata siku moja.

Chama pia kina idara yake ya uhusiano wa kimataifa tangu 1951, inayoongea na vyama badala ya serikali. Shule ya uongozi ya Mwalimu Nyerere pale Kibaha, iliyofunguliwa Februari 2022 kwa ajili ya vyama vya CCM, ANC, FRELIMO, MPLA, SWAPO na ZANU-PF, ni matunda ya njia hiyo.

Waziri anabaki na kazi moja ambayo hakuna aliyeiruka tangu 1991: safari yake ya kwanza nje ya nchi kila mwaka mpya ni Afrika. Orodha ya vituo hutangazwa siku chache tu kabla ya kuondoka. Kwa Kampala, anzeni kufungua magazeti mapema Januari.